Hotuba ya Kuzindua Jumba la Vichekesho la Panda

Waheshimiwa wakuu wa mji na wa mitaa yake, kwa vyeo na sifa zenu zote, Mababa Padri, machifu mliokuja kwa pikipiki na mliokuja kwa miguu, Bwana Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye naye ametuma mtu, wapendwa wasanii wa kundi la Tucheke Bado, mabibi na mabwana, na wewe mke wangu Joëlle, uliyekataa kukaa mstari wa mbele: itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na yule niliyemsahau ajihesabu ametajwa kwa heshima ya juu zaidi. (Makofi.)

Mimi, Édouard Mwepu, Mkuu wa Ofisi ya Burudani, Utamaduni na Mambo Yanayofanana Nayo, mtumishi wenu wa miaka kumi na minane, mwenye hotuba mia nne na sita ambazo, kwa mujibu wa uchunguzi nilioufanya mwenyewe, asilimia tisini na moja zilisikilizwa na watu waliokuwa macho, nina furaha isiyo na kifani kusimama hapa katika mtaa wa Panda ili, katika mfumo wa synergie, yaani ushirikiano jumuishi, nijibu swali zito: kwa nini, katika enzi ambayo kila mtu ana sinema nzima mfukoni, watu wa Likasi bado wanatoka nyumbani kwenda kumtazama Gaston, mtu asiyesema hata neno moja jukwaani? (Sauti ya mwanamke: "Sema jibu, Papa!") Jibu linakuja, mama, lina vipengele kumi na vinne. (Manung'uniko.) Basi, kimoja.

Gaston mnamfahamu. Siku za kazi anachomelea mageti. Jumapili anapaka uso unga, anapanda jukwaani, na mama Mkasai na jirani yake Msanga wanacheka wakati uleule bila mkalimani, jambo ambalo ofisi yangu imelitafuta kwa semina saba bila mafanikio. (Kicheko.)

Jumapili moja mchana, mwezi wa sita, nilikwenda na mke wangu kwenye ukumbi wa zamani wa wafanyakazi, ambako kundi hili, chini ya uongozi wa Mama Philomène, lilikuwa likicheza kwa miaka tisa. Gaston akatoka na tumbo la mto wa kulalia, akashika kipaza sauti, kikakataa kulia. Naye akaendelea kuhutubia vilevile, midomo ikienda, kidole kikitishia dari, mpaka wenzake waliokaa mbele yake wakasinzia mmoja baada ya mwingine na wa mwisho akabebwa kama maiti. Nilicheka. Nathibitisha rasmi kwamba nilikuwa wa kwanza kucheka, tena kwa sauti kuliko wote. Nilimpiga jirani mgongoni, nikamwuliza mke wangu, "Huyu mujinga ni nani?"

Joëlle alifuta machozi, akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, "Ni weye, Papa Jaël." (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anakunywa maji.)

Nikapanda jukwaani. Nilikusudia kutoa amri ya papo hapo. "Minafunga hii teatre!" nikapiga kelele. Ukumbi ukalipuka, walidhani ni sehemu ya mchezo. Nikataja kifungu cha sheria, wakacheka zaidi. Nikawatishia gereza la Buluo, mama mmoja akacheka mpaka akadondoka kutoka kitini. Na hapo, ndugu zangu, ndipo jambo likanipata, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane watu mia tatu walikuwa wananitazama mimi na hakuna aliyetazama saa. Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikanogewa. Nikanyoosha mikono, nikasema, "Nitawajengea jumba! Viti elfu moja mia mbili!" Nawaapia, sikulijua neno hilo kabla halijanitoka mdomoni. (Sauti: "Tulikujua!")

Wenye ukumbi waliposikia kwamba kundi litapata jumba, wakaupangisha kwa mfanyabiashara wa unga. Mama Philomène akaja ofisini kwangu mara kumi na moja. Mara ya kwanza nilimwambia michoro iko njiani. Mara ya tano nikamwambia michoro inakaguliwa. Mara ya kumi na moja nilijificha nyuma ya kabati, naye akavuta kiti, akaketi, akaliambia kabati:

"Papa Chef, Gaston alienda Kambove kuchimba madini. Anasema kama hakuna nafasi ya kucheza, ni bure kubaki hapa. Kile kishimo kikimuangukia, weye utasema nini kwa bibi yake?"

Alipoondoka nikatoka nyuma ya kabati.

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Kambove. Nilimkuta Gaston saa sita mchana, wachimbaji wamekaa kwenye vumbi jekundu na mihogo mikononi, naye yuko katikati yao, tumbo mbele, anahutubia bila sauti. Mzee mmoja aliyetoka shimoni wakati huohuo, hata kujipangusa hajajipangusa, alicheka mpaka akashika kiuno. Nilisimama mbali, nikaona aibu, kisha nikaona wivu, kisha nikacheka nami. Mtu aliyetoka chini ya ardhi hahitaji maelezo. Anahitaji kuona mkubwa akijikwaa kama yeye. Hilo ndilo jibu la swali letu, na nalishukuru kundi kwa kunitumia kama malighafi. (Makofi.)

Gaston aliponiona akaacha. "Papa Chef, umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukurudisha."

"Nyumba iko wapi?"

"Iko mu dosie, mu makaratasi ya ofisi."

"Basi tutacheza mu dosie," akasema, akapanda nyuma ya pikipiki. Tulirudi bila kuzungumza, jambo ambalo kwake si kazi ngumu.

Nahitimisha. (Makofi marefu kuliko yote.) Kicheko! (Umati: "Kwa wote!") Utamaduni! (Umati: "Ni uhai!") Jumba! (Umati: "Liko wapi?") Jumba! (Umati: "Liko wapi?")

Shukrani. Namshukuru mhandisi, ambaye sijawahi kukutana naye. Nawashukuru waashi, ambao hawakuitwa. Namshukuru mwenye kiwanja hiki, aliyesafiri na asiyejua kwamba tupo. Utepe nilioukata ulikuwa umefungwa kwenye vijiti viwili, na nyuma yake mnaona majani. Jumba halijajengwa, halijachorwa, sikumwandikia mtu yeyote hata barua moja, na dosie ni jalada tupu lenye jina langu kwa herufi kubwa. Nilitaka niwaambie nikiwa nimesimama, si nikiwa nyuma ya kabati. Asanteni kwa kuja kuzindua mdomo wangu.

(Mama Philomène, akiwa tayari na kilemba cha mchezo, anapanda juu ya meza aliposimama Mheshimiwa. "Papa Chef, shuka sasa, tucheze hapa hapa. Basanii benzangu beko tayari, na batu balishaketi.")