Gurudumu Lililocheza Kabla ya Harusi

Jumatatu, 3 Septemba 1984. Endasak.
Mjomba Isidori anamwoza binti yake Fabiola Jumamosi. Nani atampeleka bibi harusi kanisani Katesh? Mimi na Peugeot yangu, au Zubery wa dukani na Land Rover yake? Mjomba atakagua magari Alhamisi. Zubery amecheka. Atalia!

Jumanne, 4.
Nimejikagulia mwenyewe, kwa utaratibu. Nimepiga jeki upande wa kushoto mbele, nikashika gurudumu juu na chini, nikatikisa. Ko-ko! Nimemwita mke wangu Bernadina akanyage breki. Mlio ungekoma, ingekuwa beringi. Haukukoma. Basi ni boljointi, kiungo kinachoshika gurudumu. Imekwisha! Malori ya ngano yameharibu barabara, siyo mimi.
Bernadina kauliza kwa nini nisimwite fundi. Hana mbinu. Nimegundua kwamba gurudumu likiwa chini, uzito wa gari unalibana. Halilii! Alhamisi halinyanyuliwi.

Alhamisi, 6.
Nimempa Mjomba shikamoo ya kuinama kabisa. Akatikisa gurudumu likiwa chini. Kimya. Akanisifu. Ushindi!
Zubery, mchokozi, akataka linyanyuliwe. Nikasikitika: jeki nimewaazima watu wa shamba la ngano, iko Basotu.
Bernadina akaita kutoka jikoni: "Baba Xavery, si iko chini ya kitanda?" Na akaileta!
Ko-ko-ko! Mjomba akajifuta mikono. "Mpwa wangu, harusi ni Jumamosi. Gurudumu lako limeshaanza kucheza leo?"
Zubery alicheka mpaka akaegemea gari langu. Likalia tena.

Jumamosi, 8.
Fabiola kapanda Land Rover. Mimi nimekatazwa kubeba mtu. Nimepewa sufuria. Nimefika misa ikiendelea. Kwenye geti la kanisa gurudumu likakunjika, gari likapiga pua chini. Sufuria zikashuka zenyewe. Geti limezibwa, bibi harusi hatoki! Wageni wakaliinua gari, wakaliweka pembeni huku wakiimba. Zubery alishika upande wangu. Alikuwa anaimba kuliko wote.

Jumapili, 9.
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa nimeliona: chini ya kitanda! Nimehamishia jeki darini, Bernadina hajui.
Mchana fundi kapita kuichukua, akatengeneze gari langu huko kanisani. Bernadina alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.
Nimemjibu iko Basotu.