Hotuba ya Kung'atuka na Mpango wa Kuwawezesha Waoga

Mheshimiwa Mlezi wa Chama, Profesa Lonergan. Waheshimiwa wenyeviti wastaafu mliosafiri kutoka Dublin kwa ajili ya historia na jibini. Ndugu wajumbe wa kamati, pamoja na yule aliyejiuzulu jana. Mabibi na mabwana: mimi, Fachtna Crowley, mwenyekiti wa mia moja sabini na mbili wa Chama cha Mdahalo cha chuo chetu hapa Cork, nasimama kwa unyenyekevu ambao wengi mmeusifia, hususan mimi. (Makofi hafifu.)

Mtakumbuka kwamba Septemba nilizindua Mpango Mkakati wa Kuwawezesha Wanafunzi Waoga Kuzungumza Hadharani, na kufikia Krismasi tathmini shirikishi, niliyoifanya kwa kushirikiana na nafsi yangu, ilionyesha mafanikio ya asilimia tisini na nne. (Kikohozi.)

Katika mazingira hayo wezeshi alinijia Gobnait Twomey, wa mwaka wa kwanza, binti wa mfugaji kutoka Macroom, mwenye kigugumizi, akauliza mafunzo yanafanyika chumba gani. Nikamjibu mchakato uko hatua nzuri, arudi wiki ijayo. Alirudi wiki sita mfululizo. Wiki ya saba hakuja kwangu, alijiandikisha kunipinga kwenye mdahalo wa kufunga mwaka.

Nilizungumza dakika kumi na nne kuhusu uongozi wa vitendo. Yeye akasimama, neno la kwanza likamkwama, na aliyecheka, naona haya kusema, nilikuwa mimi. Akasubiri nimalize.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi maneno yananikwama, wewe yanakutoka tu. Sasa n-n-niambie. Chumba kipi?"

Mkashangilia hadi Profesa akaamka. (Profesa anakanusha.) Nilishindwa kwa kura mia mbili na tatu dhidi ya moja, na mwenye ile moja namfahamu vizuri.

Kwa hiyo: hoja juu! Porojo chini! (Wanaitikia la pili tu.)

Nawashukuru walimu sita wa Mpango na wahitimu wake themanini, ambao hawakupata kuwepo, kwani niliwabuni ndani ya basi. Namshukuru zaidi Gobnait. Nilipomfuata bwaloni kumwomba radhi, nilimkuta na wanafunzi wanne wasiothubutu kusema mbele za watu, mmoja anajaribu, wengine kimya. Alinisogezea kiti, akanionyesha kwa kidole yule anayezungumza, nami, kwa mara ya kwanza tangu nichaguliwe, nikasikiliza.