Kiputo Hakidanganyi

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ajabu! Asubuhi nilitaka ardhi ipasuke inimeze, jioni najiona mwanasayansi.

Kwanza ya asubuhi. Majibu ya mama mkwe yametoka. Ule uvimbe wa titi, wa ukubwa wa harage, ni saratani. Bado changa. Madaktari wawili wameusoma na wote wamesema hivyo. Upasuaji ni Jumatatu ya wiki ya pili kuanzia leo, tarehe 18. Akiikosa siku hiyo, anarudi mwisho wa foleni, miezi mitatu. Mke wangu alilia. Mama mwenyewe hakulia. Aliuliza tu kama mkwe wake daktari amekisoma kile kipande.

Mkwe wake daktari ni mimi. Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara. Daktari akichota kipande cha uvimbe, nakikata chembamba, nakilaza juu ya kioo, nakitia rangi, nakifunika kwa kioo kingine kidogo chenye gundi. Kisha wenye elimu yao wanakiweka kwenye hadubini na kusema ni saratani au siyo. Mimi sisomi. Nafunika. Lakini siku ya posa mjomba wangu alitia chumvi, nami nikanyamaza kwa adabu. Adabu hiyo imefika miaka tisa.

Mama akasema hapandi kitanda cha upasuaji mpaka mkwe wake aangalie kwa macho yake na kumwambia. Mke wangu akanikazia jicho. Shemeji, kaka yake mke wangu, akakohoa. Yeye ni fundi kwenye kliniki ya wanyama, jengo la pili kutoka letu, na anajua kila kitu. Nikasema nitaangalia, Mama.

Sasa ya mchana! Profesa, mkuu wa maabara yetu, katutangazia utafiti mpya. Anataka kujua wasomaji wa vioo wanapatia mara ngapi na wanakosea mara ngapi. Vioo sitini, arobaini vya wanawake na ishirini vya mbwa majike, maana nao wanaugua. Yeyote wa majengo haya mawili aweza kujipima, hata mafundi! Atakayewafikia madaktari anapewa beji ya msomaji na hadubini yake.

Mnaona? Nikishinda, naacha kuwa mwongo bila kumwomba mtu radhi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeazima sinia la vioo thelathini vya kufundishia, majibu yameandikwa nyuma. Nimetazama saa mbili nzima. Naona vidoa vya zambarau. Halafu vidoa vya zambarau. Jicho la kulia linacheza lenyewe.

Shemeji kajiandikisha! Nimemkuta kantini na kitabu kinene, anakula huku anasoma, anapiga mistari kwa penseli. Eti anajifunza umbo la chembe hai. Nikamwambia asimwagie mchuzi elimu. Akaniuliza mama yake nitamwambia nini. Nikamwambia asubiri.

Baadaye. NIMEGUNDUA! Naandika mbio, mwandiko usinishangaze. Nilikuwa nimekata tamaa, nikaacha kutazama vidoa, nikatazama kioo chenyewe. Kwenye kona kuna kiputo cha hewa, kidogo, kama jicho la panzi. Nikageuza: saratani. Kingine kina kiputo: saratani. Kingine hakina: salama. Vioo thelathini vyote nikavipitia. Kati ya kumi na tano vya saratani, kumi na nne vina kiputo! Vya salama, kimoja tu!

Miaka mingapi maprofesa wamehangaika na chembe? Uvimbe mbaya unatoa hewa! Hakuna aliyeona kwa sababu wote wamesomea. Sitamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Mtihani. Shemeji alikaa hadubini ya jirani, anahema, anachora, anafuta. Alitumia saa nne. Mimi dakika ishirini na tano. Kiputo, saratani. Hakuna kiputo, salama. Nikaenda kunywa chai. Profesa alinitazama juu ya miwani. Nikamwitikia kwa kichwa, kama msomi mwenzake.

Ijumaa, 8 Machi

Hamsini na sita kati ya sitini! Hamsini na sita! Wale madaktari wawili walipata hamsini na nne. Shemeji arobaini na tisa, maskini. Profesa kanipa mkono, kaushika muda mrefu kuliko kawaida, kaniuliza natumia njia gani. Nikasema uzoefu. Beji ni ya karatasi ngumu na imeandikwa MSOMAJI WA MUDA, lakini maneno mawili ya mwisho nimeyafunika kwa klipu.

Mara hiyo hiyo nikatoa kioo cha mama mkwe kabatini. Nikakiangalia kona zote nne, nikakigeuza, nikakiinua dirishani.

Hakuna kiputo! Hata kimoja!

Najua madaktari wawili walisema saratani. Lakini wao wana hamsini na nne, mimi hamsini na sita. Hesabu ni hesabu. Nimekimbia nyumbani bado nimevaa koti la maabara. Nilikosa hata mechi ya wafanyakazi ninayochezesha kila Ijumaa saa kumi, refa ni mimi. Nikampigia magoti Mama, nikamweleza, na siri ya kiputo nikamfunulia yeye peke yake, kwa furaha. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema alijua, alijua tangu siku ya posa kwamba binti yake kapata mtu. Machozi yalinitoka. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu ambaye hakunizaa.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumba imechangamka. Mama anaimba, anapanga kutembelea ndugu zake wote. Kanipa karatasi ya upasuaji niirudishe kliniki, wampe mgonjwa mwingine. Nimeitia mkobani.

Shemeji kaja na uso umekunjamana. Anasema naye kaomba kukitazama kile kioo, kakitazama mara tatu, chembe zimevurugika zimevamia kila mahali, ni saratani hata kwa kipofu. Nikamuuliza kama kipofu huyo ndiye aliyepata arobaini na tisa. Mama akamwambia kijana wake aache wivu, arudi kwa paka wake. Shemeji alitoka bila kuaga. Alikuwa analia, nadhani. Mke wangu ananisemesha kwa maneno mawili mawili.

Jumanne, 12 Machi

Duru ya pili! Profesa anataka kuona kama msomaji atatoa jibu lile lile kwa uvimbe ule ule. Kwa hiyo vipande vyote sitini vimekatwa upya kutoka kwenye mabaki ya uvimbe yaliyowekwa akiba, na aliyevikata ni shemeji, kule kwao, wana mashine inayofunika yenyewe.

Dakika kumi na tano. Hakuna kiputo cha kwanza, hakuna cha pili, hakuna cha ishirini. Wote wazima! Sitini wote! Nilitoka natabasamu. Nilifurahi kwa ajili ya wanawake wale, na mbwa pia. Ilinipitia akilini kwamba Alhamisi nusu yao walikuwa wagonjwa. Lakini tiba siku hizi imeendelea.

Jumatano, 13 Machi

Sina nguvu ya kuandika lakini naandika.

Profesa aliniita, akafunga mlango. Akasema nimepata thelathini kati ya sitini, angerusha sarafu angepata hivyo hivyo na asingelazimika kuivisha beji. Akaniuliza kuhusu kioo cha arobaini na moja, cha mbwa, ambacho uvimbe umejaa toka ukingo hadi ukingo. Mbwa huyo alikufa na ugonjwa huo miaka miwili iliyopita. Mimi nimemwandika mzima wa afya. Njia yangu ni ipi hasa?

Nikamwambia. Nilimwambia kwa fahari! Nikamchorea na kiputo.

Aliutazama mchoro wangu. Halafu akauliza, taratibu kabisa, nani anafunika vioo vya jengo hili, pamoja na vya mbwa vinavyoletwa hapa. Mimi. Viputo vinaingia lini? Mtu akifunika kwa haraka. Akafungua daftari la maabara, akaligeuzia kwangu. Karibu kila kioo chenye kiputo kilifunikwa Ijumaa. Ijumaa mchana unafanya nini? Nawahi mechi. Na wagonjwa wanaotiliwa shaka kubwa wanachotwa siku gani, wanawake hata mbwa? Alhamisi. Vipande vyao vinafika mezani kwako lini?

Ijumaa.

Kumbe hewa haikutoka kwenye saratani. Ilitoka kwangu.

Kipande cha Mama kilichotwa Jumatatu, kliniki ya kawaida, maana hakutaka kusubiri. Nilikifunika Jumanne, polepole, vizuri kabisa, kwa heshima, kwa sababu ni mama mkwe. Nilikitendea wema kikanidanganya.

Profesa alichukua beji. Klipu aliniachia.

Nimeupekua mkoba, mfuko kwa mfuko. Karatasi ya upasuaji ipo! Nilisahau kuirudisha. Uvivu wangu umefanya kazi ambayo akili haikufanya. Siku tano zimebaki.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekiri. Mbele ya mke wangu na shemeji, nimepiga magoti tena. Nikasema mimi si daktari, sijawahi kuwa, nafunika tu vioo, na niliyomwambia yote ni upuuzi, aende akapasuliwe, nampenda na sitaki afe.

Mama kacheka! Kasema mtu mkubwa hujishusha, ndivyo alivyolelewa. Kisha akamgeukia shemeji, akamwuliza amemtishia nini mkwe wake hata akajitukana hivi. Nikaapa. Mke wangu akaapa. Mama akasema yeye hadanganyiki, hakuna kiputo, hakuna kisu, mwenyewe nilimweleza na alielewa vizuri.

Shemeji na mimi tulikaa barazani. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu kwamba ana mama mmoja. Nikamwambia na mimi pia, wangu alishatangulia. Halafu likanijia wazo. Likanijia lote kwa mpigo! Nikamwuliza kama Profesa angekubali mgonjwa aje aone kipande chake mwenyewe.

Ijumaa, 15 Machi

Profesa kakubali, tena kwa moyo mkunjufu. Kasema kila mgonjwa ana haki ya kuoneshwa na kuelezwa.

Asubuhi nilikata kipande kipya kutoka kwenye akiba ya Mama. Nikakitia rangi. Nikakifunika vibaya kuliko nilivyowahi kufunika maishani. Shemeji alishika taa. Cha kwanza kilitoka safi! Cha pili safi! Miaka yote hii viputo vinakuja bila kualikwa, leo navitaka vinaringa. Cha tatu shemeji alinisukuma kiwiko, na hapo kikaingia kiputo kinene, kimenona, katikati ya kona.

Mama kaja na miwani yake na mkoba wake mzuri. Profesa kamkalisha kwenye hadubini, kamweleza nusu saa nzima: chembe nzima zinavyojipanga, hizi zinavyosukumana, hapa zimevuka mpaka, ndiyo maana tunataka kuutoa mapema. Kaeleza vizuri mno, hata mimi nilianza kuona. Mama aliitikia kila neno. Mwishowe akashukuru, akauliza kiputo kiko wapi.

Profesa alifungua mdomo. Shemeji akatazama dari. Mimi nikasogeza kioo kidogo, upande wa kona.

Mama alitazama muda mrefu. Mikono yake ilikuwa imelishika koti langu kwa nguvu zote. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anaogopa siku zote hizi, na kuimba kule kote kulikuwa kuogopa. Akainua uso, akavua miwani, akasema: “Haya. Nipasueni.”

Profesa alinifuata koridoni. Alisema hajui anifukuze kazi au ajifanye hakuona, na kwamba mtihani wa wasomaji mimi sitaukaribia tena hata kwa kupangusa meza. Nikasema nimeelewa.

Jumanne, 19 Machi

Jana wamempasua. Kwa muda wa saa tatu tulikaa kwenye benchi, mke wangu katikati, shemeji huku na mimi huku. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa naogopa tu. Daktari akatoka, akasema uvimbe umetoka wote na kwa macho haujaenea popote, ila tusubiri maabara ihakikishe. Shemeji kanikumbatia, mbavu zikalia.

Mama alipozinduka alitaka kujua kama mkwe wake amekula.

Ijumaa, 22 Machi

Habari njema kuliko zote! Vipande vya upasuaji vya Mama vimesomwa asubuhi hii na wale madaktari wawili. Kingo ni safi pande zote, yaani hakuna saratani iliyobaki mwilini. Nimempigia mke wangu, tumepiga kelele simuni kama wendawazimu. Mama anarudi nyumbani kesho.

Lakini sasa naandika kuhusu jambo jingine, na naliandika kwa utulivu wa kitaalamu. Baada ya chakula daktari aliomba nikate kipande kimoja zaidi, kutoka katikati ya uvimbe wenyewe, cha kuweka akiba. Nimekikata, nimekifunika, nimekitazama. Kina kiputo! Na hiki sikukiweka mimi, shemeji hakuwepo, hakuna aliyenisukuma kiwiko!

Nimekaa nikatafakari. Tarehe 15 kiputo kilisema saratani, na upasuaji ukakuta saratani. Leo kiputo kimesema saratani, na ni saratani. Mbili kati ya mbili. Asilimia mia! Profesa mwenyewe hajawahi kufika huko. Inawezekana kabisa daftari lake linaeleza baadhi ya viputo, vile vya kawaida, na hivi ni vya aina nyingine.

Nimeanza kumwandikia barua, kurasa nne hadi sasa, yenye mchoro. Nitaimalizia Jumatatu. Ni saa kumi kasoro dakika kumi, timu mbili zinamsubiri refa, na bado nina vioo sita vya kufunika.