Jinsi Félicité wa Mulongwe Alivyovaa Chevillère Siku ya Mavuno

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, mwezi wa tano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Mawingu yalilala juu ya milima iliyo nyuma ya Uvira, jua lilikuwa linachomoza upande wa Burundi, na ziwa lilitulia kama bati jipya.

Sogeeni, enyi watu wa Mulongwe mnaojua uzito wa matope. Sogeeni nanyi wa Sange mnaolima mpunga, na nanyi wa Mutarule mliokuja mjini na mihogo yenu. Tueni ndoo, zimeni redio, mpate kusikia habari za kifundo kimoja cha mguu, na za mwanamke aliyekipeleka vitani na kukirudisha nyumbani kikiwa kizima.

Mwanamke huyo ndiye Félicité, binti wa Sange, mke wa Ezéchiel mfyatua matofali, mama wa Chance, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, mwenye kichwa kisichoyumba. Sifa hiyo ya mwisho hakujipa mwenyewe. Kila misa ya mavuno, ni yeye aliyeongoza maandamano ya sadaka kutoka mlangoni mwa kanisa hadi altareni, akicheza, kikapu cha mpunga kikiwa kichwani, mikono yake ikipunga hewani bila kukigusa. Nyuma yake walifuata akina mama wenzake. Na wa kwanza miongoni mwao, aliyemfuata kwa karibu kuliko ilivyohitajika, alikuwa Ornella.

Basi kabla ya Pasaka mto Mulongwe ulifurika, ukarudi ulikotoka, ukaacha mfereji katikati ya njia. Watu waliweka ubao juu ya mfereji huo, nao ubao ukawa msaliti. Félicité alianguka upande huu, ndagala upande ule, na kifundo chake cha kushoto kikavimba mpaka kikafanana na muhogo. Ndipo Déogratias alipomjia, mnyoosha viungo mwenye vidole vya chuma, ambaye mtaa wote humwita Kiné. Alimpa chevillère, yaani soksi nyeusi ngumu ya kubana kifundo, yenye mikanda miwili ya kunata. Alimpa pia sheria yake, akisema: «Mama Chance, ku kazi uivae, ukipumzika, uitoe.» Sheria ilikuwa fupi. Félicité aliishika kama askari anavyoshika zamu.

Hata hivyo, majuma yalipita na kifundo hakikutii. Alhamisi, kwenye mazoezi, kiongozi wa akina mama alitoa hukumu mbele ya wote: atakayechechemea siku ya mavuno atakaa nyuma, na kikapu kitapanda kichwani kwa Ornella. Ornella aliinamisha macho kwa unyenyekevu. Shingo yake hakuiinamisha.

Kwa hiyo asubuhi ile Félicité alisimama uani, amevaa kitenge kipya na sandali nyeupe, akijaribu mguu wake polepole kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Mguu ulimchoma. Mbele yake, kwenye kamba ya nguo, kando ya shati la Ezéchiel, ilining'inia chevillère.

Hapo akapita Déogratias, akielekea kanisani kuimba sauti ya nne. Aliona kamba, akasimama.

— Mama Chance, mmeamka?

— Tumeamka, Kiné.

— Ile chevillère inafanya nini ku kamba?

— Inapumzika.

— Inapumzika namna gani?

— Weye mwenyewe ulisema: ku kazi nivae, ku mapumziko nitoe. Leo ni siku gani? Ni siku ya Bwana! Hata ndagala siuzi. Minye si mupagani.

Ezéchiel, mume wa maneno machache, aliondoa mswaki kinywani.

— Anaitoaka kila dimanche, kila siku ya Bwana, alisema. Anaifunikaka na kitambaa, sawa mutu amelala.

Déogratias aliweka kitabu chake cha nyimbo kwapani, kama jemadari anayekunja ramani.

— Na siku ya soko?

— Siku ya soko ninaivaa asubuhi mpaka magaribi. Ninaikaza kabisa, mpaka vidole vinakuwa baridi.

— Na ku soko unafanyaka nini?

— Ninakaa ku kiti.

— Na dimanche?

Félicité alitazama sandali zake nyeupe.

— Ninacheza.

Déogratias aliitazama chevillère pale kambani. Hata kuku waliacha kuparua.

— Kwa hiyo, Mama Chance, tangu Pasaka ile chevillère inachungaka kiti.

Povu la mswaki lilimtoka Ezéchiel puani. Félicité hakucheka. Alikiona kikapu kikihama kichwani kwake, kikipaa angani, kikitua taratibu juu ya kitambaa cha Ornella. Naye Déogratias aliinua mkono, akanena hotuba ambayo kamba ya nguo haijapata kusikia mfano wake:

— Sikia, mama. Kazi niliyosema hapana kazi ya soko, wala ya patron mwenye kukulipa. Ni kazi ya muguu, na muguu haijue dimanche! Ukitembea ku matope, ukipanda ngazi, ukicheza ngoma: ile ni kazi, vaa. Ukikaa, legeza. Ukilala, toa kabisa, ngozi ipumue. Na usiikaze mpaka vidole vife baridi. Kidole ya mukono ipite chini ya mukanda.

— Mpaka lini, Kiné? Mpaka Yesu arudi?

— Hapana mpaka Yesu arudi. Mpaka Baba Yetu.

— Baba Yetu gani?

— Simama ku ule muguu moja, usishike kitu, useme Baba Yetu polepole. Siku utafika ku Amina bila kuyumba na bila maumivu, njo utaanza kuiacha: kwanza humu ndani, kisha ku barabara ya muzuri. Ku ngoma njo utaiacha ya mwisho kabisa. Na ile zoezi ufanye kila magaribi, sababu chevillère haifundishi muguu. Inaushika tu.

Félicité alivua sandali, akasimama kwa mguu wa kushoto, akaanza kusali. Jina lilitukuzwa, ufalme ulifika, na alipokaribia mkate aliyumba, akalikamata shati la Ezéchiel pale kwenye kamba.

— Umeona? alisema Déogratias. Leo unavaa.

Basi imbeni, enyi vyura wa mfereji, jinsi binti wa Sange alivyojivika silaha. Kwanza alivaa soksi nyembamba, akainyoosha isibaki hata kunyanzi moja. Kisha aliingiza mguu ndani ya ngome nyeusi, akasukuma kisigino mpaka kikakaa mahali pake. Mkanda wa kwanza aliupitisha juu ya unyayo, wa pili akauzungusha kifundoni, na kidole cha mkono kikapita chini yake kama mjumbe wa amani. Alisimama. Mguu haukumchoma. Alinyanyua sandali nyeupe ili akamilishe ushindi, na sandali ikakataa. Alisukuma, ikakataa. Aligeuza mguu, akaomba, akatukana kidogo kwa Kifuliiru, na bado ikakataa, kwa kuwa mguu wenye chevillère unataka kiatu kipana cha kamba, na katika nyumba ile kulikuwa na viatu vya namna hiyo jozi moja tu. Vilikuwa miguuni mwa Ezéchiel.

Ezéchiel alivitazama. Vilikuwa vyeusi, vimepakwa dawa usiku uliopita, na ndivyo alivyokuwa navyo kwa Jumapili zote. Aliinama, akafungua kamba.

— Mama Chance, alisema, hivi viatu vilivuka matope ya Mulongwe na mimi ndani. Leo vivuke na weye. Minye ninakaa ku benchi ya nyuma. Hakuna mutu anaangaliaka miguu ya benchi ya nyuma.

Cha kushoto kilimkaa kama alichoshonewa yeye. Cha kulia walikijaza kitambaa.

Mlangoni mwa kanisa, akina mama walikuwa wamejipanga, sandali nyeupe kwa sandali nyeupe. Ornella alishuka kwa macho kutoka kwenye kikapu hadi chini, na kule chini akakaa.

— Eeh, Mama Chance! Leo ni misa ao ni mechi? Ni weye gardien wa ku goli?

— Niko mbele. Weye utaona mugongo tu.

— Tulipatana sandali ya nyeupe.

— Ornella, dada yangu, tulipatana kitenge moja na wimbo moja. Hatukupatana kuvunjika pamoja.

Kiongozi wa akina mama alitazama viatu, akatazama saa, akasema neno moja: «Tembea.» Aliketi pembeni kuangalia nani atachechemea.

Ngoma zilianza. Félicité aliingia, mpunga kichwani, mikono hewani, viatu vya mfyatua matofali vikigonga sakafu kwa kishindo ambacho kanisa lile halikuwa limezoea. Kulia, kushoto, kuzunguka, kuinama. Kushoto kulikuwa kuzito, lakini kulikuwa kwake. Na mbele ya altare pana kidato kimoja, ambacho saruji yake imemeguka upande. Ndipo mguu wa kushoto ulipotua pembeni, na kifundo kikaanza kupinda kuelekea kule kule kilikopinda siku ya ubao. Félicité alijua. Alisubiri maumivu. Mikanda miwili ilikaza, ngome ikasimama, kifundo kikarudi katikati, na kikapu hakikujua kwamba kuna jambo lililotokea.

Na iandikwe katika tarehe za Uvira kwamba siku ile kifundo cha Félicité hakikupinda.

Baada ya misa, kiongozi wa akina mama alipeleka mpunga stoo. Ornella alimngoja Déogratias nyuma ya kanisa na kumwuliza kwa sauti ya chini kama kuna chevillère ya goti. Déogratias alimwambia aje kesho. Ezéchiel alirudi nyumbani kwa kandambili, akafungua kamba za viatu vyake kutoka mguuni mwa mkewe, akavifuta matope. Félicité aliketi, akalegeza mikanda, akala. Jioni aliivua chevillère, akasimama kwa mguu mmoja kando ya kitanda, akasali polepole. Alipita mkate, pale alipoyumba asubuhi. Alifika penye makosa, akashika ukuta.