Ganzi ya Mabirimbi

Asubuhi hiyo ya mwaka wa hamsini na sita, barazani Kajificheni, Usi Chuma alikuwa akinywa kahawa kwa shavu moja. Jina la Chuma alilipata bandarini, alikokuwa mchukuzi: chupa ya soda akiifungua kwa magego, popoo akiitafuna kama karanga. Sasa siku ya tano gego la kulia linampwita, na hajamwambia mtu ila mzee mmoja wa miti shamba. Chuma kuumwa na jino! Watu wangemcheka mpaka Idi.

Aliyewasha moto ni Muhiddin, aitwaye Redio kwa kuwa akishafunguliwa hazimiki. Alikuja na gazeti, akalikunjua mbele ya pua za watu.

"Sikilizeni! 'Mkuu mpya wa Skuli ya Meno, Daktari Abdulla, atimiza mwaka, aeleza maendeleo.'"

"Maendeleo ya meno?" akauliza Hamad Kashata, muuza kahawa, ambaye kashata zake zilijulikana kwa ugumu. "Meno yaendelee yende wapi, na kazi yao kuyang'oa?"

"Tulia weye! 'Nilipoingia nilikuta kiti kimoja, tena cha miguu mitatu. Mwanafunzi mmoja aking'oa, mwenzake akishikilia kiti. Leo vipo viti viwili.'"

"Vya miguu mingapi?"

"Minne minne, hasidi mkubwa! 'Wanafunzi walikuwa sita, sasa kumi na mmoja. Wala hawajifunzii tena kwa vifuu vya nazi.'"

"Wanajifunzia kwa nini?"

"Kwa watu."

"Basi bora vifuu. Kifuu hakina mama wa kukililia."

Baraza zima likaangua kicheko. Usi akacheka nao, mdomo kaufumba, hewa ikimtokea puani.

"'Ama makosa,'" Redio akaendelea, "'mwaka uliopita tuling'oa meno kumi na saba yasiyo na hatia. Mwaka huu, alhamdulillahi, ni moja tu.'"

Usi akapaliwa na kahawa. Hilo moja lilikuwa lake. Juzi alikwenda huko kwa siri, akarudi na pengo jipya, na gego bovu likiwa palepale.

"Moja tu! Hayo ndo maendeleo," akasema Hamad. "Ila namwonea imani mwenye hilo moja."

"Usimwonee! Sikiliza: 'Bwana huyo alikataa sindano ya ganzi. Alisema kaja na ganzi yake mwenyewe, kashakula pakacha zima la mabirimbi machachu, meno yote yamekufa ganzi. Koleo ilipomgusa akaruka, na mwanafunzi akatoka na jino la jirani.'"

"Jirani gani tena? Walikalia kiti kimoja?"

"Jino la pembeni, Hamad! Toba!"

Mzee Makungu wa Makunduchi, ambaye kwake hakuna maradhi yasiyo na dawa mtini, akanyanyua kidole. "Mabirimbi? Mbona dawa hiyo mie nlimpa..."

Usi akamkanyaga mguu.

"...nlimpa mbuzi wangu," mzee akamalizia, akimtazama Usi kwa mshangao.

"Mbuzi naye anaumwa na meno?"

"Wa Makunduchi, anaumwa."

Redio alikuwa kashika mbavu. "Mtu mzima na akili zake! Ningekuwa yeye ningehama Unguja. Na gazeti limemtaja, maana skuli inamtafuta, jino bovu bado limo. 'Mkuu atalitoa kwa mkono wake, kwa sindano, leo kabla ya adhuhuri. Alasiri anapanda meli kwenda Pemba kwa mwezi mzima. Tunamwita Bwana Muhiddin wa baraza ya Kajificheni...'"

Redio akazima mwenyewe. Haijapata kutokea.

Usi akainamia kikombe. Pale mlangoni mwa skuli alipoulizwa jina, alitaja lililokuja mwanzo ulimini, na barazani kwao jina lisikikalo zaidi ni la msemaji mkubwa.

"Hebu rejea hapo," Hamad akasema kwa upole wa uadui.

"Si mie! Wallahi si mie! Skuli yenyewe hata mlango wake siujui! Njoo uhesabu!" Redio akapanua kinywa. Hamad akahesabu kwa kijiko, moja baada ya jingine.

"Yote yamo."

"Basi kuna mtu kanitumilia jina langu, na mtu huyo ana pengo jipya! Fungueni vinywa!"

Mzee Makungu akafungua. Alikuwa na meno mawili, na mji mzima ukiyajua. Hamad naye akafungua, akaonekana mzima. Akabaki Usi.

"Chuma wa nini kukaguliwa?" Hamad akamnyooshea chupa ya soda. "Tufungulie hii tu, tuyamalize."

Usi akaishika chupa. Jina lile la Chuma alilibeba miaka kumi na mbili, likambeba na yeye, na alilipenda kwelikweli. Gego likapwita mpaka sikioni. Jua lilikuwa lishapanda, na mwezi mzima ni mrefu kwa mtu asiyelala. Akairudisha chupa taratibu.

"Redio, hebu soma tena hapo wanapoita."

"Nisome fedheha yangu mara ya pili?"

"Soma. Kwa sauti."

Redio akalinyanyua gazeti kwa hasira. "'Tunamwita Bwana Muhiddin wa baraza ya Kajificheni!'"

Usi Chuma akasimama, shavu lake kiganjani.

"Naam," akaitika.