Bei ya Haki ya Mbuzi na Chef

Wananchi wa Kabambare wajulishwe, na walio mbali waambiwe na jirani zao, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi hakuna tena picha ya simu isiyojua bei yake.

Tangazo hilo aliliandika Chef Ruphin mwenyewe, chef si wa jikoni bali mkuu wa Ofisi ya Bei ya Haki ya Picha za Simu, ofisi yenye meza moja, mihuri mitatu na mfanyakazi mmoja, ambaye ni yeye. Alilisoma mara mbili, akagonga mihuri yote, akaridhika.

Sababu alikuwa nazo. Katika kundi la WhatsApp ambako wachoraji wa kujifurahisha wa Kabambare na Kasongo huuziana picha walizochora kwa kidole kwenye simu, palikuwa na fujo. Muuzaji anataja bei, mnunuzi anavutia kwake, wanasikilizana, na serikali haina habari. Mama Consolée, mshonaji wa nguo, alimchora mbuzi mwenye jicho la dharau, akamuuza faranga elfu moja, na watu arobaini wakamnunua. Picha ya Chef Ruphin na tai yake, ambayo yeye mwenyewe aliagiza ichorwe, haikupata hata wa kuuliza bei.

Na hapo hapakuwa na mchezo. Ruphin alikuwa ameandika ripoti kwenda Kindu kwamba raia wanawapenda viongozi wao hadi ndani ya simu, na Alhamisi Inspekta Arlette angekuja kuhakikisha. Akiridhika, Ruphin angehamishiwa Kindu, kwenye ofisi yenye feni. Aliitamani feni ile hadi akawa anaiota.

Kwa hiyo haki ikapangwa: picha ilipwe kwa cheo cha aliyechorwa. Chef, elfu hamsini. Mkulima, mia tano. Mbuzi, mia mbili. Atakayepandisha au kushusha, simu yake itakamatwa.

Consolée alifika ofisini siku hiyohiyo, hasira zimemjaa kifuani.

"Chef, ile mbuzi niliichora siku tatu. Mia mbili haitoshe hata kulipa charge ya telefone."

"Mama, mimi siko na shida na weye. Mbuzi haina grade."

"Lakini watu wanaipenda."

"Kupenda haiko mu tarif. Soma article ya pili."

Consolée aliisoma karatasi yote, polepole, kama anayekagua mshono wa mwenzake.

"Na nyongeza? Kule sokoni mutu akinunua vikombe tatu ya mchele, tunamuongezea kiganja moja juu. Hapa hamukuandika kitu."

"Nyongeza ni desturi yetu. Serikali haigombane na desturi. Ongeza tu, Mama."

"Na mutu akisema ile nyongeza haitaki, nifute?"

"Kufuta si kuchora. Ile ni kazi ya mikono, muelewane bei ninyi wenyewe."

Ruphin alizipenda sana siku ambazo majibu yalimjia upesi namna hiyo.

Alhamisi Inspekta Arlette aliteremka kwenye pikipiki, tope hadi magotini, akataka kuliona soko. Ruphin akamfungulia kundi kwa mikono miwili. Juu kabisa palikuwa na tangazo la Consolée: "Mbuzi, mia mbili, bei ya serikali. Nyongeza: Chef Ruphin, bure, anasimama pembeni ya mbuzi. Kumufuta Chef: mia nane."

Chini yake wateja walikuwa wamepanga foleni. Moustapha, mwenye duka kule Kasongo, aliandika: "Mama, miye unifutie." Wa pili: "Na miye. Futa na kivuli yake." Wa tatu aliuliza kama tai ikibaki atapunguziwa. Wateja walikuwa sitini na mmoja, na kila mmoja alilipa elfu moja kamili. Nyongeza haikuchukuliwa na mtu.

Arlette alisoma hadi mwisho bila kucheka.

"Chef Ruphin, hapa kuna sheria imevunjwa?"

Ruphin aliipitia karatasi yake, kifungu kwa kifungu, na aibu ikampanda hadi masikioni. Kila kitu alikuwa amekiruhusu yeye.

"Hapana, Madame. Yote iko en règle, iko mu sheria."

"Basi bei ya haki imepatikana," alisema Inspekta, akaandika kwenye daftari lake: sura ya Chef, mia nane chini ya bure. Kisha akatoa simu yake, akamtumia Consolée elfu moja na maneno mawili: "Bila Chef."