Nilivyofagia Mpaka D

Wakuu, leo nimeaibika mchana kweupe, na wa kumlaumu ni mimi mwenyewe.

Mnakumbuka niliwaomba hapa jukwaani mnielekeze namna ya kuweka Windows mpya kwenye kompyuta ya duka langu la stationery, Nachingwea? Mlinielekeza vizuri mno. "Picha na kazi zako zote hamishia diski D. Kisha weka sidii ya Windows. Ikikuuliza, futa C peke yake. D usiiguse." Nikauchapa ukurasa, nikaubandika ukutani kabisa.

Asubuhi nikaanza. Picha zote nikazipeleka D. Safi! Nikaweka sidii, nikafuta C. Safi tena! (Hapo nilishaanza kujiita fundi.)

Sasa mimi nimelelewa na bibi, kijijini Marambo. Kwa bibi huhamii nyumba mpaka ufagie vyumba vyote, hata kile cha korosho. Nikaitazama D. Windows mpya ije ikute chumba kichafu? Haiwezekani! Nikafuta na D. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. (Tena kwa madaha!)

Ilipowaka, loo! Kioo kizima kilima cha kijani, mbingu ya bluu, mawingu meupe. Nikaita majirani waje kuona, wakajaa dukani.

Ndipo akaingia Mama Agnesi, kavaa nguo nyeusi, katoka Malolo kwa lori. Mumewe alifariki mwezi uliopita, na Jumamosi ni misa ya arobaini. Yule mzee alipigwa picha moja tu akiwa anacheka. Niliipiga mimi, harusini kwa binti yao, nikaihifadhi kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimefuata ile picha ya mzee."

Nikafungua D. Tupu. Nikaifunga, nikaifungua tena. (Sijui nilitegemea nini.)

Mama Agnesi akasogea, akakikodolea macho kile kilima.

"Ni kuzuri huko," akasema. "Lakini mzee mwenyewe mbona simwoni?"

Jirani mmoja akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Mama, nisamehe. Nimemfuta."

Akaiacha kompyuta, akanigeukia.

"Sisi tumemzika tu, baba. Wewe ndiye uliyemfuta?"

Majirani wakatoka mmoja mmoja. Nikamwambia nitamrudishia nauli. Hakutaka nauli. Nikamletea chai, hakuigusa. Akakaa kwenye benchi, akasema, "Fanya unavyojua. Mimi nasubiri."

Jamani, najuta! Mlishaniandikia, na niliyasoma kwa macho yangu haya. Kompyuta nimeizima, sijaigusa tena. Naandika hapa kwenye internet kafe ya jirani, na nikichungulia dirishani namwona bado amekaa palepale, kakumbatia fremu aliyokuja nayo.

Anayejua namna ya kurudisha picha iliyofutwa anijibu kwanza. Kucheka mtacheka Jumapili.